Je, wajua kwa nini cheche kali haitoshi kwenye injini ya gesi?

Gesi ya Mnazi Bay inayozalisha umeme Mtwara ni methani karibu tupu. Kilo 1 ya methani hutaka kilo 17 hivi za hewa ili iungue yote. Injini za kubana matumizi huongezewa hewa kupita hapo: silinda inapoa, oksidi za nitrojeni, zinazochafua hewa, zinapungua. Hewa ikizidi mno, injini inaanza kumisi na methani inatoka mbichi kwenye ekzosi.

Wengi hudhani dawa ni joto, kwa hiyo wanafunga koili yenye nguvu zaidi. Inasaidia, ila kidogo. Cheche ya kawaida tayari ni plazima, yaani gesi iliyong'olewa elektroni, na joto lake ni maelfu ya nyuzi. Shida ni kwamba limekusanyika kwenye mwanya wa plagi tu. Moto mchanga ukitoka hapo kuingia kwenye gesi iliyotawanyika, hupoteza joto upesi kuliko unavyolizalisha, ukafa. Na cheche kali hula ncha za plagi: mwanya unapanuka, volti inayohitajika inapanda, mwishowe umeme unavujia nje ya kauri na injini inamisi vilevile.

Moto unaendeshwa na vipande vya molekuli zilizovunjika, hasa atomu pweke za oksijeni na haidrojeni. Lakini oksijeni ya hewani hukaa atomu mbili mbili, zimeshikana. Chukua korosho. Unaweza kukaanga rundo zima hadi maganda yalegee, kuni nyingi zikaishia kupasha maganda. Au unabangua moja moja kwa kisu cha mashine, rundo likiwa bado limepoa. Joto ni kukaanga. Kisu ni pigo la umeme la volti elfu kumi na zaidi, linalodumu nanosekunde 10 hivi (nanosekunde ni sehemu moja ya bilioni ya sekunde).

Katika muda huo elektroni, kwa wepesi wake, zinakimbia kabla gesi haijapata moto. Zinaigonga nitrojeni, nayo nitrojeni iliyosisimka inaipasua oksijeni. Atomu pweke inayopatikana inaipokonya methani haidrojeni yake, na moto unapata pa kuanzia hata gesi ikiwa chache.

Kwenye vichomeo vya maabara hilo limeonekana vizuri; ndani ya injini ushahidi ni mdogo zaidi. Mgandamizo wa silinda hudai volti kubwa zaidi, plazima ya pigo hilo nayo huzalisha oksidi kidogo za nitrojeni, na pigo likirefuka mno hugeuka cheche ya kawaida: kisu kinarudi kuwa kikaango.