Kimya baada ya usaili: si kila nafasi ina mwenyewe

"Nafasi ilikuwa na mwenyewe." Jamani, nimechoka kuisikia. Mtu kafanya usaili, wiki zimepita kimya, keshahitimisha: kapewa mtoto wa bosi. Mimi ni HR (afisa rasilimali watu) hapa Dar, na kimya kingi ninachokijua kina sababu za kijinga kuliko hiyo.

Kuchuja maombi na kuhakiki vyeti naviruka, mnavijua. Kasheshe huanza paneli ya wasaili ikishajumlisha alama. Tuseme wa kwanza ana 78, wewe 76. Barua ya ofa inakwenda kwake. Anaomba siku za kufikiri, anarudi anataka mshahara zaidi, tunawapelekea watu wa fedha, nao wanafunga hesabu za mwezi. Hatimaye anasaini. Sasa ampe mwajiri wake notisi. Kwa anayelipwa kwa mwezi, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inataka isipungue siku 28. Notisi ikiwa katikati, bosi wake anamwongezea mshahara, naye anabaki hukohuko. Ndipo simu yako inaita.

Muda wote huo hujakataliwa wala hujachukuliwa. Nikikuandikia kwamba hukufanikiwa, nimempoteza mtu wangu wa akiba. Nikikwambia wewe ni wa pili, wakubwa wanahofia utapandisha dau. Basi tunanyamaza. Ni uungwana? Hata kidogo. Ujumbe wa "bado hatujakamilisha" ungetosha, na hatuutumi kwa uvivu tu.

Serikalini angalau jambo hili lina jina. Sekretarieti ya Ajira huwahifadhi kwenye kanzidata waliofaulu usaili wakakosa nafasi, na huwapangia vituo nafasi zikipatikana. Kanzidata yetu sisi wa sekta binafsi ni faili la Excel kwenye kompyuta ya mtu mmoja. Akiacha kazi, nawe umepotea.

Nafasi zenye wenyewe zipo, sikatai. Ukiona tangazo la siku tatu, sifa zimeshonwa kwa vipimo vya mtu mmoja, usipoteze nauli. Kinachoninyima raha mimi ni zile alama mbili za tofauti. Jibu lilelile, msaili mmoja anatoa 9, mwenzake 5. Sina hakika kabisa kwamba wa kwanza wetu huwa ndiye bora.

Kwa hiyo endelea kuomba kwingine, lakini piga simu uulize swali moja tu: "Ofa imeshatoka?" HR akianza kujiumauma, uwezekano mkubwa wewe ni wa pili.