Gari linalozima Isongole na kuwaka Uyole

Mwalimu mmoja wa Tukuyu aliniletea gari lake hapa Uyole, Mbeya, gari dogo la zamani, lile la distributa (kifaa kinachogawa umeme kwa plagi). Tayari alikuwa amebadilisha betri, plagi, waya za plagi na pampu ya mafuta, na gari bado linazima njiani. "Fundi, nimechoka kununua," akasema.

Nikamwomba asinisomee vilivyobadilishwa. Mwalimu, linazima wapi? Likishapita Kiwira, kwenye mlima wa kuelekea Isongole. Asubuhi likitoka nyumbani halizimi hata siku moja. Akiliegesha pembeni kama nusu saa linawaka lenyewe, utadhani halijawahi kuugua. Na likizima, taa za dashibodi zinabaki? Zinabaki. Mshale wa mzunguko wa injini je, wakati gari bado linatembea na gia imo? "Unaanguka palepale."

Hapo nusu ya kazi imekwisha. Kama taa zingekufa pamoja na injini, ningeanza na terminali za betri, fyuzi kuu na swichi ya ufunguo (ninyi mnaoning'iniza rundo la funguo za nyumba, duka na ghala kwenye swichi, tutaonana). Kama gari lingekohoa kwanza na mshale ukashuka taratibu, ningewaza mafuta: pampu, filta, rilei. Lakini mshale kulala ghafla huku magurudumu yakiendelea kuizungusha injini maana yake ni kwamba umeme wa kuchoma mafuta kwenye plagi umekatika, au ile ishara inayouamuru haifiki. Na kitu kinachokufa kwa joto na kufufuka kikipoa, mara nyingi ni koili, yaani waya mwembamba uliozungushwa mara nyingi, iliyokatika kwa ndani: waya ukipata moto unatanuka, nafasi inafunguka.

Hata hivyo nilianza na ethi, ile njia ya umeme kati ya injini na nguzo hasi ya betri, maana kuipima hakuchukui dakika kumi. Mita naiweka kwenye volti, ncha moja juu ya nguzo hasi ya betri, nyingine kwenye chuma cha injini, kijana anapiga stata. Ikizidi nusu volti, ethi ni mbovu. Mafundi wengi hupima kwa omu, yaani ukinzani wa waya, wakiona sifuri wanaridhika. Waya uliooza ukabaki na uzi mmoja mzima utakupa sifuri hiyohiyo. Utwishe mzigo wa stata ndipo uumbuke. Wake ulisoma 0.15. Sawa. Chaji nayo ilikuwa 14.1, sawa. Nilipima kwa mita, sikung'oa terminali ya betri gari likiunguruma kama wafanyavyo wengine "kupima alternata". Umeme unaruka ghafla na unaweza kuunguza kontrol boksi, kompyuta ya injini. Nimeshapokea magari ya namna hiyo, na wenyewe hawakuwa na furaha.

Shida iliyobaki ni kwamba gari likiwa kwangu halizimi. Uyole kuna baridi, na mimi siwezi kupanda Isongole kila nikitaka kupima. Nikaenda saluni ya jirani kuazima drai ya nywele. Dada mwenye saluni alicheka, akanipa, akaniambia nisiirudishe na grisi.

Nikafungua soketi ya distributa, nikapima koili ndogo ya kuhisi mzunguko, ndiyo inayotoa ile ishara. Ikiwa baridi: omu mia mbili na kitu, ya kawaida kabisa. Nikaipuliza hewa ya moto huku ncha za mita zimekaa palepale. Dakika ya kwanza namba inapanda kidogokidogo, ni kawaida ya shaba. Dakika ya nne namba ikapotea, mita ikaonyesha waya umekatika. Nikazima drai, nikasubiri. Namba ikarudi yenyewe.

Mwalimu alikuwa amesimama nyuma yangu. Hakusema kitu, alihesabu tu kwa vidole bei ya betri, plagi na pampu.

Distributa nyingine tuliipata Mwanjelwa, ya mtumba. Muuza spea alishangaa kuniona natoa drai kwenye mfuko na kuulizia soketi ya umeme. Ya kwanza ilikata dakika ya sita. Tukachukua ya pili.