Mzee Haamki Usiku Bure: Tafuta Kinachomwamsha Kabla ya Kutafuta Dawa

Wanafamilia wanaoleta wazee kliniki huwa na ombi moja: "Daktari, mpe dawa alale." Hatuwalaumu. Mara nyingi anayeomba naye hajapata usingizi, na asubuhi anatakiwa kazini. Lakini yapo maswali mawili ya kujibu kwanza, na kwa wazee wengi majibu yake huondoa haja ya kidonge: mzee analala saa ngapi, na akiamka, ameamshwa na nini?

Tuanze na saa. Mtu wa miaka 65 na zaidi anahitaji usingizi wa kama saa 7 hadi 8, karibu sawa na alivyohitaji alipokuwa na miaka 40. Kinachobadilika ni namna usingizi unavyokuja. Usingizi mzito hupungua, mlio mdogo ambao zamani usingemgusa sasa humshtua, na saa ya mwili huwahi: macho humwelemea mapema jioni, na usingizi humtoka kabla ya kupambazuka. Sasa mfikirie mzee anayepelekwa kitandani saa 2 usiku kwa sababu watu wa nyumbani wamemaliza shughuli zao. Akilala muda wa saa 7, basi ikifika saa 9 usiku ameshatosheka. Mzee huyo haumwi kitu. Kama mchana alisinzia kitini muda mrefu, huenda akaamka mapema zaidi ya hapo.

Cheleweshe kulala kidogo kidogo, dakika 15 kila baada ya siku chache, na umwamshe saa ileile kila asubuhi hata kama usiku ulikuwa mbaya. Hilo la pili ndilo gumu, kwa sababu huruma hutwambia tumwache afidie. Akifidia asubuhi, usiku unaofuata umeharibika. Usingizi wa mchana usizidi nusu saa, na uishe kabla ya saa 9 alasiri. Halafu mtoe nje kwenye mwanga, hasa alasiri, maana mwanga wa saa hizo huizuia saa ya mwili isiwahi mno. Lenzi ya jicho la mzee huwa ya manjano kadiri miaka inavyokwenda na hupitisha mwanga kidogo, kwa hiyo chumba unachokiona wewe kina mwanga wa kutosha, kwake ni kama magharibi imeingia.

Haja ndogo

Sababu inayowaamsha wazee kuliko nyingi nyingine ni mkojo, na hapa watu hukimbilia kumnyima maji. Msifanye hivyo. Kiu hupungua uzeeni, na mzee aliyenyimwa maji hupata kizunguzungu, choo kigumu na hata kuchanganyikiwa. Anywe vya kutosha tangu asubuhi, kisha apunguze saa mbili au tatu kabla ya kulala. Chai, kahawa na soda zenye kafeini ziishie mchana, maana kafeini hukaa mwilini kwa saa nyingi.

Jioni mkague miguu. Mvue soksi, tazama kama zimeacha mfereji juu ya kifundo, kisha bonyeza taratibu kwa kidole gumba kwenye mfupa wa muundi, uhesabu hadi tano na uachilie. Pakibaki kishimo, kuna maji yaliyotuama miguuni. Mchana kutwa ameketi na maji yameshuka. Akilala chali yanarudi kwenye damu, figo zinayachuja, na kibofu kinajaa usiku wa manane. Mzee wa namna hii anaweza kuacha kunywa tangu adhuhuri na bado akaamka mara tatu. Kinachomsaidia ni kuinua miguu juu ya mito alasiri, kama saa nzima hivi, ili maji yatoke kabla ya kulala. Lakini miguu iliyovimba ionwe na daktari, kwa kuwa moyo, figo au ini huenda ndio chanzo.

Angalieni pia saa ya kumeza dawa. Dawa za kutoa maji mwilini kama furosemide, zikimezwa jioni, zitamwamsha bila shaka. Muulizeni daktari kama zinaweza kuhamishiwa asubuhi. Mwanaume anayesimama chooni muda mrefu huku mkojo ukitoka kwa kukatika akapimwe tezi dume. Anayekojoa sana na kiu haimwishi apimwe sukari. Choo kigumu nacho husukuma kibofu, jambo ambalo familia nyingi hazilifikirii.

Kwa kuwa ataamka hata hivyo angalau mara moja, njia ya kwenda chooni iwe salama. Taa hafifu iwe chini karibu na sakafu, mikeka na nyaya zitolewe njiani, viatu viwe vya kushika kisigino. Aketi ukingoni mwa kitanda dakika moja kabla ya kusimama, kwa sababu shinikizo la damu hushuka ghafla mtu anapoinuka. Msimwekee vizuizi vya kitanda ili asitoke. Mzee mwenye haja atavipanda, na kuanguka kutokea juu ya kizuizi kunaumiza zaidi kuliko kuanguka kutokea kitandani.

Dawa ambazo zinaharibu zaidi

Niseme wazi: dawa za mafua na mzio zinazoleta usingizi, kama chlorpheniramine, si dawa za kumlalisha mzee. Hukausha mdomo, huzuia mkojo na choo, na huvuruga akili. Diazepam, dawa ya kutuliza wasiwasi na kulalisha, na jamii yake huwapa wazee hatari kubwa ya kuanguka na kuvunjika nyonga, na nguvu yake hubaki mwilini mpaka siku ya pili. Hata hivyo, kama amekuwa akiitumia kwa muda, msiikatishe ghafla. Kuikatisha hivyo kunaweza kuleta degedege. Daktari ataipunguza kwa hatua.

Zipo pia dawa halali zinazomezwa saa isiyofaa. Prednisolone, dawa ya kutuliza uvimbe wa mwilini, ikimezwa jioni hukesha na mgonjwa. Dawa ya maumivu ya viungo, kwa upande mwingine, huenda inafaa zaidi ikimezwa karibu na kulala, kwa sababu goti linalouma humwamsha kila anapogeuka. Muulizeni mfamasia.

Sikilizeni pia anavyopumua. Mkoromo mkubwa unaokatika kimya kwa sekunde kadhaa, kisha akashtuka kama anayetafuta hewa, ni tatizo linalotibika. Rekodini kwa simu mumwonyeshe daktari. Kwa mzee kama huyo dawa ya usingizi inaweza kuwa ya hatari. Na akisema miguu inamwasha ndani kwa ndani na hatulii mpaka aitembeze, aulizieni kipimo cha madini ya chuma katika damu.

Anapochanganyikiwa usiku

Mwenye dimensia, yaani ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu na uwezo wa kufikiri, anaweza kuanza kuhangaika jua linapozama, akitaka "kwenda nyumbani" ilhali yuko nyumbani. Kubishana naye hakusaidii. Washeni taa mapema kabla giza halijaingia, punguzeni kelele, mjibuni kwa upole kisha mmpeleke kwenye jambo jingine. Huenda ana haja, njaa au maumivu asiyoweza kuyataja.

Hali hiyo ni tofauti na ya mzee ambaye juzi alikuwa mzima wa akili na leo haelewi yuko wapi, au amelegea na kusinzia kupita kawaida. Mabadiliko ya ghafla ya saa au siku chache ni dharura: huenda ni maambukizi ya mapafu au ya mkojo, upungufu wa maji, sukari kushuka, au dawa mpya. Apelekwe hospitali usiku huohuo, asisubiri kupambazuke.

Kwa wengine ambao hali si ya dharura, andikeni mambo ya usiku kwa wiki mbili kabla ya kuja kliniki. Maandishi mafupi yanatosha: "Kitandani saa 3. Choo saa 6, mkojo mwingi. Choo saa 8, kidogo. Macho saa 9 mpaka asubuhi. Mchana alisinzia kabla na baada ya chakula." Kwa mistari hiyo daktari anaona mengi ambayo mzee mwenyewe hayakumbuki. Leteni na mfuko wa dawa zote, pamoja na zile alizopewa na jirani na zile za mitishamba. Kama ni mtu mmoja tu anayeamka naye kila usiku, gawaneni zamu kuanzia leo, kwa sababu mlezi aliyechoka naye huanza kukosea vipimo vya dawa.