Uniti moja ya maji ya Riyadh inakula umeme kiasi gani?

Riyadh ni mji wa mamilioni ya watu usio na mto wala ziwa. Sehemu kubwa ya maji yake huvutwa kutoka Ghuba, huondolewa chumvi kwenye mitambo ya Jubail na Ras Al Khair, kisha husukumwa mamia ya kilomita kupita jangwani. Wasomaji wetu wengi wana ndugu wanaofanya kazi za nyumbani huko, ndio wanaofungua bomba la jikoni kila asubuhi. Tuitazame basi gharama ya uniti moja ya maji hayo, yaani lita 1,000.

Lita moja ya maji ya Ghuba hubeba zaidi ya gramu 40 za chumvi. Zamani yalichemshwa na mvuke ukakusanywa, njia inayokula nishati nyingi mno. Siku hizi mitambo mipya huyasukuma kwa shinikizo kubwa yapite kwenye utando unaoachia maji na kuzuia chumvi. Mtambo mzuri wa aina hiyo hutumia uniti 3 hadi 4 za umeme (yaani kilowati-saa) kwa kila uniti ya maji. Zaidi ya nusu ya maji yaliyovutwa hurudi baharini yakiwa na chumvi kali zaidi.

Halafu kuna safari. Riyadh iko mita 600 hivi juu ya usawa wa bahari, na kupandisha uniti moja ya maji kimo hicho kunataka uniti 1.6 za umeme hata kabla ya kuhesabu msuguano ndani ya bomba. Jumla inavuka uniti 5.

Je, wahandisi hawawezi kupunguza zaidi? Kidogo tu. Kwa kanuni za fizikia, kutenganisha chumvi na maji ya bahari hakuwezi kushuka chini ya takribani uniti 1 ya umeme. Nafasi kubwa iliyobaki imo majumbani, na nadhani hilo halisemwi vya kutosha.

Mwaka 2019 Saudi Arabia ilianzisha Qatrah, mpango wa kupunguza matumizi ya maji, wakati matumizi yalipokuwa lita 263 kwa mtu kwa siku. Lengo ni lita 150 ifikapo 2030. Kwa familia ya watu sita, tofauti hiyo ni uniti 20 za maji kwa mwezi, pamoja na uniti zaidi ya 100 za umeme uliotumika kuyatengeneza na kuyafikisha.

Bei haikusaidia. Kwa miaka mingi uniti ya kwanza ililipiwa halala 10, sehemu ya kumi ya riali. Bei za juu zilipopanda kwa watumiaji wakubwa mwaka 2016, malalamiko yalikuwa makali hata waziri wa maji akaondolewa. Nawaelewa waliolalamika: hakuna aliyewahi kuwaonyesha gharama yenyewe.

Nyumbani, anzeni na choo. Tangi la zamani humwaga lita 12 au zaidi kwa mara moja. La kisasa, 6 au hata 3. Kutawadha kwa bomba lililo wazi dakika mbili kunaweza kumaliza lita 12, ilhali Mtume (s.a.w.) alitawadha kwa mudi moja, isiyofika lita. Mvujo wa choo hausikiki: tia rangi ya chakula kwenye tangi usiku, bila kuvuta maji. Asubuhi rangi ikionekana bakulini, badilisha mpira wa valvu.