Kijiti Kikichipua Chenyewe: Tunayoyaamini na Yaliyo Kweli

Masika yakishatulia Malindi, kila ua huwa na habari yake. Kigingi cha mbono kilichochomekwa kushikilia nyanya kimetoa majani. Gogo la mzunze, mti ambao wengine huuita mlonge, limechipua pale pale lilipolazwa likingoja kuwa kuni. Bogenvilia lililopogolewa likatupwa nyuma ya nyumba limejishikiza ardhini. Watu hufurahi, na wana haki ya kufurahi. Lakini maelezo yanayofuata mara nyingi si ya kweli, na huishia kuua mche ambao ungeishi.

"Kimetoa majani, basi kimeshika." Hii ndiyo dhana ninayotamani ife kwanza. Kijiti kilichokatwa hubeba akiba ya wanga na maji ndani yake, na macho ya kwenye vifundo hufumbuka kwa akiba hiyo hiyo, pasipo mzizi hata mmoja chini. Bogenvilia hasa hudanganya sana. Kwa wiki mbili tatu litakuonyesha vijani vibichi vya kupendeza, kisha ghafla vinalegea na kukauka, na mwenyewe anaanza kulaumu mchwa au jicho la mtu. Hakuna aliyeloga. Akiba imekwisha kabla mizizi haijatoka, na majani yale yale yaliyomfurahisha ndiyo yaliyokuwa yakipoteza maji.

Fukua kimoja taratibu ujionee. Penye mkato, baina ya ganda na mti wenyewe, kuna uvimbe mweupe usio laini. Huo ni mmea unaziba jeraha lake. Mizizi ya kweli hutokea karibu na hapo, au kwenye kifundo kilichofukiwa, nayo huwa myembamba, myeupe, ya kuvunjika upesi ukiigusa. Ukiona uvimbe peke yake, bado. Wala huna haja ya kufukua kila kijiti: kishike kwa vidole viwili, ukivute kidogo tu. Kikikufuata, hakijashika. Kikigoma, kiache hapo hapo. Usikihamishe kwa furaha. Subiri kiongeze majani mapya na mvua iwe bado ipo.

Kuna pia imani ya mkono. Fulani ana mkono wa kupanda, kila anachochomeka kinaota. Siwadharau wanaosema hivyo, maana watu hao wapo kweli. Ila walicho nacho ni ujuzi. Ndani ya mmea kuna homoni iitwayo oksini. Mwanasayansi Mholanzi Frits Went ndiye aliyeitenga mwaka 1928, na katika miaka ya 1930 ikathibitika kwamba huchochea mizizi. Hutengenezwa kwenye vichipukizi na majani machanga, ikashuka chini kwa chini ndani ya shina. Kijiti kikikatwa, hukusanyika penye mkato na kuziamsha seli za hapo zianze kufanya mizizi. Wale mabibi wa Lamu wanaootesha asumini za vikuba hawahitaji kulijua jina la homoni hiyo. Wanajua kuchagua tawi lisilo changa mno wala kukomaa kupita kiasi, wanalipunguza majani, na wanalichomeka kwenye kiwanda, yaani ule ua wa ndani ya nyumba, kwenye kivuli, mbali na upepo. Kila hatua hapo ina sababu yake, na kila mtu anaweza kujifunza.

Kwa kuwa oksini hushuka upande mmoja, si kweli kwamba kijiti ni kijiti tu, kichomeke utakavyo. Kina juu na chini, hata baada ya kukatwa. Ukikigeuza, kitahangaika bure.

Maji mengi na mbolea navyo si msaada. Kijiti kisicho na mizizi hakina cha kulia mbolea, na samadi mbichi hukiunguza. Udongo ukitota, hewa hukosekana na mkato unaoza. Maji ya kisima yenye chumvi ni mabaya zaidi.

"Basi kila mti utashika ukibahatika." La. Komamanga, hina, mbono, mnyaa, mzunze na muhogo hushika kwa wepesi. Mwembe ni mgumu sana, ndiyo maana wenye miche huupandikiza juu ya shina la mwembe mwingine. Mnazi haushiki kabisa: una kilele kimoja tu cha kukulia, kikikatwa umekufa. Na vile virefu vya kijani ambavyo watu wa Lamu huvichomeka matopeni kurudisha mikoko si vijiti wala matawi. Ni miche iliyokwisha kuota ikiwa bado inaning'inia juu ya mti mama. Mkoko ukikatwa boriti, kisiki chake hakichipui tena kama cha mchu, mwenzake wa matopeni, kwa hiyo asikwambie mtu kwamba utajirudia wenyewe.

Mzunze nao, ulioota kutokana na gogo, si sawa na uliotoka kwenye mbegu. Utakua haraka na kuzaa mapema, lakini hauna mzizi mkuu wa kwenda chini. Usiuache karibu na paa la makuti halafu ungoje kusi livume.

Imebaki dhana moja, na hii huvuka ua hadi kwa jirani: kwamba kilichoshika ni kizima. Kijiti ni kipande cha mama yake, kina tabia zake zote na maradhi yake yote. Michirizi ya kahawia ya muhogo, ugonjwa ulioelezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1936 huko Amani, Tanganyika, husambazwa na inzi weupe, lakini husambazwa pia na sisi wenyewe kwa pingili tunazopeana. Shina laweza kuonekana halina neno huku muhogo chini una madoa makavu ya kahawia. Kwa hiyo siku ya kuvuna, ipasue mihogo ya shina lile kabla hujakata pingili. Ikiwa na madoa, shina lote lichome, hata kama jirani ameshaleta kikapu.