Nimuulize nani? Majibu kwa kijana mwenye maswali kuhusu mapenzi

Nina miaka 15. Nyumbani mambo ya mapenzi hayazungumzwi. Nianze na nani?

Anza na mtu mzima ambaye umeshamwona akitunza siri ya mwingine. Kwangu mimi kipimo hicho kinazidi umri na hata udugu. Kwa wasichana wengi ni shangazi, bibi au mama mdogo. Pwani, binti akivunja ungo hukabidhiwa kwa somo, yaani mwanamke mzima wa kumfunda, maana mama na mwana huoneana haya. Kwa hiyo kumtafuta mtu mwingine si kumdharau mzazi. Mpime kwanza kwa swali dogo: "Shangazi, maumivu ya hedhi yakizidi mtu afanyeje?" Akikujibu kwa utulivu, mrudie na lile zito. Akikufokea, au habari zikafika kwa jirani, tafuta mwingine.

Mimi ni mvulana. Nikiuliza, wenzangu wananicheka.

Wavulana tumewaacha peke yao, na jambo hili linaniuma. Jandoni, tohara ilikwenda pamoja na mafunzo. Siku hizi wengi hutahiriwa hospitalini wakiwa wadogo. Kidonda kinapona, mafunzo hayaji. Anayebaki kuwa mwalimu ni kijiwe na video za ngono za kwenye simu, zilizoigizwa ili ziuzwe, ambazo mara nyingi hazionyeshi kondomu wala mtu akimuuliza mwenzake kama yuko tayari. Mwendee mjomba, babu, kaka aliyetulia au mwalimu wa malezi shuleni. Ndoto nyevu, wasiwasi kuhusu maumbile, kumpenda mtu asiyekutaka: wameyapitia hayo.

Nikienda kituo cha afya, wazazi wataambiwa?

Uliza kabla hujaeleza: "Nitakayosema yatabaki hapa?" Mhudumu anatakiwa kutunza siri yako, ila ukiwa hatarini anaweza kulazimika kuwahusisha wengine ili ulindwe. Ulizia huduma rafiki kwa vijana, zipo katika baadhi ya vituo. Tanzania, tangu sheria iliporekebishwa mwaka 2019, mwenye miaka 15 anaweza kupima VVU bila idhini ya mzazi. Ukimkuta muuguzi mkali, usikate tamaa. Omba kuonana na mwingine.

Kuna mtu mzima anapenda kuongea nami mambo haya, lakini anasema nisimwambie yeyote.

Jitenge naye, hata kama ni mwalimu, ndugu au kiongozi wa dini. Msaidizi wa kweli hutunza siri yako. Huyu anataka wewe umtunzie ya kwake. Akianza kukupa zawadi, kukuomba picha au kukutaka mwonane faraghani, mwambie mtu mzima mwingine leo hii.

Na kama nimeshalazimishwa?

Nenda hospitali mara moja, ikiwezekana kabla ya kuoga, na nguo ulizovaa uzichukue bila kuzifua. Kama umeshaoga, nenda hivyo hivyo. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU lazima zianze ndani ya saa 72, na kila saa ina maana. Vidonge vya dharura vya kuzuia mimba hutumika ndani ya siku 5. Polisi kuna Dawati la Jinsia na Watoto. Kama huna wa kukusindikiza, piga 116, simu ya bure ya kuwasaidia watoto, Tanzania na hata Kenya. Atakayepokea ataanza kwa kukusikiliza.