Nauli ya mizigo ya reli: kwa nini sio tani mara kilomita tu

Ukisikia watu wanagombana juu ya nauli ya mizigo ya reli unaweza kudhani ni hesabu ya darasa la nne, tani mara kilomita, unalipa unaenda zako. Sivyo. Kwa muda mrefu reli zilikuwa zinatoza kwa daraja la bidhaa, yaani tani moja ya nguo na tani moja ya mahindi zinaweza kusafiri treni moja mpaka stesheni moja na zikalipa bei tofauti kabisa, kwa sababu mwenye nguo ukimwongezea bado atauza, ila mahindi ukiyakamua yanabaki shambani na behewa linarudi Mombasa tupu. Pia kadiri safari inavyokuwa ndefu ndivyo bei ya kila kilomita inavyoshuka, sasa wa katikati ya njia analalamika mbona wa mbali kapendelewa.

Mpaka hapo ni biashara. Siasa inaingia ukiuliza nani anapanga hayo madaraja.

Chukua ile reli ya Uganda, iliyoanza Mombasa 1896 ikafika Kisumu 1901. Jina Uganda, lakini njia yenyewe iko Kenya, na masetla, yaani walowezi wa Kizungu wenye mashamba, walikuwa na sikio la serikali ya kikoloni Nairobi. Mwaka 1922 kamati ya Bowring, kamati ya uchumi ya serikali hiyo, ikapendekeza mahindi ya kuuza nje yabebwe kwa bei ya chini, na mahindi hayo kwa sehemu kubwa yalikuwa ya nani? Ya masetla. Mashine zao za shamba nazo zilipanda bara kwa bei nafuu, wakati nguo ambazo Mwafrika wa kawaida ananunua dukani ziko daraja la juu. Juu ya hayo vikajengwa vijinjia vya pembeni kwenda kwenye mashamba yao, kama Kitale na Solai, vingi havijilipi, na pengo linazibwa na njia kuu ambako pamba ya Uganda inapita. Waganda walilalamika sana tu, lakini wangeenda wapi, hawana bahari! Mteja asiye na mlango mwingine ndiye analipa, na mimi naona ukishaelewa hilo umeelewa karibu yote.

Linganisha na Kilimanjaro. Reli ya Wajerumani ilitoka Tanga hadi Moshi, halafu wakati wa vita vya kwanza Waingereza wakaiunganisha na Voi, kwenye ile reli ya Mombasa. Ghafla kahawa ya Moshi ina milango miwili, Tanga na Mombasa, ukishusha bei upande mmoja mzigo unahama bandari, na wa Tanga wanabaki wanaangalia.

Na sio mambo ya wakoloni tu. 2019 serikali ya Kenya iliagiza mizigo ipande SGR, ile reli mpya ya Mombasa hadi Nairobi, kwenda kutolewa kwenye forodha ya Nairobi, Mombasa wakaandamana kwa sababu malori, mawakala na wapishi wa barabarani wote wanakula kwa hiyo mizigo, na 2022 Rais Ruto alipoapishwa akatangaza shughuli hizo zinarudi Mombasa. Katika ule mvutano wote unaambiwa treni ni nafuu, lakini kontena likishafika bandari kavu ya Embakasi, Nairobi, unatafuta lori la kulipeleka godauni, na hiyo hela unatoa wewe.